UZI: Vyuo vya kati Mwanza na wanafunzi wa nje – tunawapoteza kati ya barua ya udahili na kiti cha darasani

#1 Msajili_Kanda

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauleta kwa wanaoshika kazi ya udahili na ushirikiano kwenye vyuo vya kati Kanda ya Ziwa: afya, uvuvi, ufundi, biashara, wanyamapori. Swali ni moja lenye miguu miwili. Chuo cha Mwanza kinapataje wanafunzi kutoka Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo? Na kinajengaje ushirikiano na vyuo vya nje ukaendelea kufanya kazi baada ya picha ya kupeana mikono?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Vyuo vingi vinadhani tatizo ni matangazo, kwa hiyo vinachapisha vipeperushi na kutuma watu kwenye maonesho. Mimi naona waombaji wapo. Wanapotea baadaye: cheti hakijapata ulinganifu (barua inayosema kinalingana na ufaulu gani wa kwetu), jina la pasipoti halifanani na la cheti, ada imekwama benki, au mwanafunzi amefika wiki ya sita muhula umekwenda. Chuo kirekebishe hapo kwanza, ndipo kitangaze.

Tuanze na kalenda. Dirisha letu kubwa la udahili ni la masomo yanayoanza Septemba na Oktoba. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, hutoka Januari. Ya Uganda, UCE (kidato cha nne) hutoka Februari na UACE (kidato cha sita) Machi. Maana yake kijana wa Kisumu au Masaka ana matokeo mkononi miezi sita au saba kabla hatujafungua darasa, na ndani ya miezi hiyo vyuo vya kwao vinakuwa vimeshamchukua. Programu yenye mkupuo wa Machi ina nafasi nzuri sana ya kumpata. Isiyo nao inabidi impe barua ya udahili wa masharti mapema na kumpa kazi ya kufanya akisubiri: ulinganifu, pasipoti, chanjo.

Kwa Kongo na Burundi ni kinyume. Mwaka wao wa shule huanza Septemba, kwa hiyo matokeo huangukia karibu mno na ufunguzi wetu. Hao ukiwalazimisha Oktoba ileile watafika wamechelewa. Wapangie mwaka unaofuata, na miezi ya katikati wasome Kiingereza.

Kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo halina mjadala: programu unayoitangaza nje iwe na ithibati hai ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na iandikwe kwa jina lilelile lililo kwenye mwongozo wa udahili, neno kwa neno. Mamlaka ya nchi ya mwanafunzi itakapokuja kuhakiki cheti miaka mitatu baadaye, itatafuta jina hilo. Isipolikuta, aliyeumia ni kijana.

Karibuni mwongeze nyama.

---

#2 Dawati_la_Vyeti

Mkuu umegusa penyewe. Mimi niongelee vyeti, maana hapa ndipo makosa ya kizembe yanapofanyika.

Ngazi ya kidato cha nne na cha sita, anayetoa ulinganifu ni NECTA, Baraza la Mitihani. Wa shahada wanaangaliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo hakina mamlaka ya kusema "hii ni sawa na ufaulu wetu" kwa macho. Mwombaji hutuma maombi kwa mtandao, anapakia cheti na matokeo yake, analipa, anasubiri. Barua ya ulinganifu ndiyo inayoingia kwenye faili la udahili. Kama cheti ni cha Kifaransa, tafsiri itangulie, na iwe ya mfasiri anayetambulika, siyo ya rafiki anayejua lugha.

Sasa herufi. Afisa udahili aliyezoea mfumo wetu akiona D anajua ni ufaulu wa chini kabisa, alama 30 hadi 44. Kwenye UCE ya zamani ya Uganda, D1 na D2 ni daraja la juu kabisa. Zinafuata C3 hadi C6, kisha P7 na P8, na F9 ndiyo kufeli. Kijana ana D1 ya Kemia, karani anaandika "D, amefaulu kwa shida" na kumkataa kwenye programu yenye ushindani. Halafu ikaja UCE ya mtaala mpya, iliyotahiniwa mara ya kwanza 2024, yenye herufi A hadi E. Humo D ni ngazi ya chini tena. Yaani watu wawili wa shule moja, mmoja kamaliza 2022 na mwingine 2024, herufi D kwenye vyeti vyao zina maana mbili zinazopishana kabisa. Cha kwanza kutazama ni mwaka wa mtihani, herufi baadaye.

Kenya: KCSE ina madaraja 12, A yenye pointi 12 hadi E yenye 1. Kuna A-, B+, C+, D- na kuendelea. C+ ya Kenya ni pointi 7. Msilinganishe C yao na C yetu inayoanzia alama 45, mizani ni tofauti. Na mjiandae: watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wao wa zamani wa elimu, wanafanya KCSE 2027. Baada ya hapo vinakuja vyeti vya mfumo wa umahiri, na fomu zenu za udahili zenye sehemu ya KCSE pekee zitakuwa zimepitwa.

Kongo: Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hutoa asilimia, na kufaulu ni kuanzia 50. Cheti kinaonyesha mchepuo aliosoma. Kwa programu za afya huo mchepuo ndio muhimu. Utabibu ngazi ya diploma unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia yakiwemo. Aliyesoma mchepuo wa biashara akapata asilimia 70 bado hana sifa. Mwambieni mapema kwa barua. Asisafiri kutoka Bukavu kuja kuambiwa dirishani.

Ushauri wangu: kila chuo kitengeneze karatasi moja ya ukurasa mmoja, nchi zote tano zilizotajwa juu, mfumo wa alama na mwaka ulipobadilika, ibandikwe ukutani kwa karani. Si kwa ajili ya kuamua, NECTA ndiyo inaamua. Ni kwa ajili ya kumwambia mwombaji siku ileile kama ana dalili ya kufuzu.

---

#3 Msaidizi_Udahili

Dada asante sana kwa hilo la D1. Naomba mwenye uelewa wa vibali atusaidie: kwa nini faili za Wakongo na Warundi hurudishwa mara nyingi kuliko za Waganda? Nyaraka zinakuwa zimekamilika.

---

#4 Karani_wa_Vibali

Mdogo wangu, mara nyingi ni majina.

Mkongo ana majina ya aina tatu: nom (jina kuu), postnom (linalofuata nom) na prénom (jina la ubatizo au la kuitwa). Shuleni anaweza kuandikishwa kwa nom na postnom tu, pasipoti ikabeba yote matatu, na wewe kwenye barua ya udahili ukaandika prénom kwanza kwa sababu ndilo ulilozoea kumwita. Hapo tayari ni watu watatu kwenye karatasi. Kanuni ni rahisi: barua ya udahili ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, mpangilio kwa mpangilio. Cheti kikitofautiana, aje na kiapo cha majina kutoka kwao, kimetafsiriwa.

Mrundi na Mnyarwanda tatizo lao ni jingine. Kwao watoto wa baba mmoja hawana jina la ukoo linalofanana. Barua ya mfadhili inasema "mimi baba yake", majina hayagusani popote, afisa anauliza baba gani huyu. Dawa ni cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha majina ya wazazi. Kiombwe tangu mwanzo pamoja na vyeti vya shule.

Sasa mtiririko wa kibali. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, kinaombwa kwa mtandao wa Uhamiaji. Chuo ndicho mwenyeji: barua ya maombi inatoka kwa mkuu wa chuo, inataja programu, muda wake, na kwamba chuo kinamtambua. Inaambatana na barua ya udahili, nakala ya pasipoti, picha, vyeti na ulinganifu wake. Kwa raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kanuni zilizo chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, zinataka pasi ya mwanafunzi itolewe bila ada. Jumuiya sasa ina nchi nane. Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024. Ulizieni ofisi ya mkoa utaratibu ulivyo mwaka husika kabla hamjamwambia mzazi alipe kitu.

Makosa yanayojirudia:

Kitambulisho cha taifa. Waganda, Wakenya na Wanyarwanda wamezoea kuvuka kati ya nchi zao tatu kwa kitambulisho tangu 2014. Tanzania haimo kwenye mpango ule. Mwanafunzi anafika Mutukula, mpakani na Uganda, akiwa na kitambulisho tu. Aje na pasipoti, na si ile inayoisha muhula wa pili.

Kusema uongo mpakani. Wengine hufundishwa waseme wanakuja kutembelea ndugu. Akigongewa muhuri wa matembezi na begi lina barua ya udahili, kazi ya kubadilisha hadhi inakuwa nzito bila sababu. Aonyeshe barua, aseme anakuja kusoma.

Chanjo ya homa ya manjano. Ni kitabu kidogo cha njano. Achome siku 10 au zaidi kabla ya safari, maana cheti huanza kuhesabika baada ya siku hizo.

Kusahau kuhuisha. Kibali kinapoisha katikati ya mafunzo kwa vitendo huko Ukerewe, mwanafunzi hayuko chuoni kukumbushwa. Msajili awe na daftari la tarehe za mwisho na apige simu miezi miwili kabla. Na mwanafunzi akiacha masomo, chuo kitoe taarifa Uhamiaji. Kunyamaza kunaharibu jina la chuo kwa wale watakaofuata.

---

#5 Mhasibu_Capripoint

Kwenye ada mna jambo la kurekebisha haraka. Fomu nyingi za kujiunga bado zina safu mbili: "Watanzania – shilingi" na "wageni – dola". Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei ya bidhaa au huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Bei iandikwe kwa shilingi. Mzazi wa Kampala ataona shilingi, atapiga hesabu mwenyewe. Mnaweza kuendelea kuwa na ada tofauti kwa mgeni kama bodi imeidhinisha, ila iwe kwa shilingi na iandikwe yote: mafunzo, mitihani, bima, kitambulisho, mafunzo kwa vitendo, malazi. Mzazi wa nje akikutana na "mchango mwingine" asioujua akiwa mwezi wa pili, anamwondoa mtoto.

Chuo cha serikali kinakusanya kwa namba ya malipo ya GePG, mfumo wa malipo ya serikali. Kwa mtu wa ndani ni rahisi, analipa kwa simu. Aliye Goma hawezi kulipa vile. Mwelekezeni atume kwa uhamisho wa benki, namba ya malipo iandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya muamala. Asipoiandika, pesa inafika lakini haina mwenyewe, na kuitafuta kunaweza kula wiki. Aombe benki yake nakala ya ujumbe wa SWIFT (mtandao wa benki wa kutumiana malipo), aitume kwa barua pepe siku hiyohiyo. Tena aambiwe kuwa makato ya benki za kati yanaweza kupunguza kiasi kinachofika. Achague mtumaji abebe makato yote, la sivyo atadaiwa elfu thelathini na jina lake litakosekana kwenye orodha ya mtihani.

---

#6 Mwalo_wa_Kirumba

Mimi nauliza tunauza nini. Chuo cha Mwanza kikienda Kampala kutangaza diploma ya usimamizi wa biashara, kinapeleka mkaa Kahama. Kampala imejaa vyuo hivyo. Tupeleke kile ambacho mji huu unacho.

Tuna kampasi ya Nyegezi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, iko kando ya ziwa. Mwanafunzi anatoka darasani anaingia majini. Viwanda vya minofu ya sangara viko mjini, karakana za kujenga vivuko na meli zipo, ufugaji wa samaki kwenye vizimba unaenea. Tuna DIT Kampasi ya Mwanza ya teknolojia ya ngozi, iliyoingia kwenye mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, wa kuinua vyuo vya ufundi, ulioidhinishwa 2018 kwa Ethiopia, Kenya na Tanzania. Mradi ule uliteua vituo 16 vya umahiri, na sehemu ya lengo lake ilikuwa vituo hivyo kuhudumia vijana wa kanda nzima. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu National Polytechnic nayo iliingia kwenye mradi huohuo kwa upande wa nguo. Ngozi na nguo ni ndugu: viatu, mabegi, vitambaa vya ndani. Vyuo viwili vilivyopata mfadhili mmoja na maji yaleyale katikati, kama havibadilishani walimu ni kwa sababu hakuna aliyeandika barua. Pasiansi nako kuna taaluma ya wanyamapori. Bugando kuna hospitali ya rufaa ya kanda ambako wanafunzi wa afya wanaona wagonjwa wa kila aina.

Na sheria za ziwa zinatusaidia. Nchi tatu za Ziwa Victoria zinaratibu uvuvi kupitia LVFO, shirika la uvuvi la ziwa hilo lenye makao Jinja. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, uwe Kirumba hapa Mwanza, uwe Gaba kule Kampala. Kwa hiyo afisa uvuvi anayefundishwa hapa anaelewa kazi ya Uganda bila kufundishwa upya. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kipeperushi badala ya picha ya jengo la utawala.

Lugha nayo tusiipuuze. Tunasema "Afrika Mashariki wote Kiswahili", kumbe kila upande una kilema chake. Mganda Kiingereza chake cha kuandika ni kizuri, darasani anafuata vizuri mpaka mwalimu anapohamia Kiswahili kueleza jambo gumu. Hapo anaachwa. Akipelekwa mwaloni kukusanya takwimu za samaki ndiyo kabisa, wavuvi wanamwona mgeni na hawamwambii kitu. Mkongo wa Bukavu au Uvira Kiswahili anacho, karakana anaelewana na kila mtu, ila mtihani wa kuandika kwa Kiingereza unamwangusha akiwa anajua jibu. Hawa wawili hawawezi kuwekwa darasa moja la maandalizi. Mganda apewe Kiswahili cha kazini saa nne kwa wiki muhula mzima wa kwanza. Mkongo na Mrundi wapewe Kiingereza wiki 12 kabla ya muhula, mkazo uwe kuandika ripoti na kusoma maswali ya mtihani. Na walimu waambiwe: ukieleza kwa Kiswahili, rudia kwa Kiingereza.

---

#7 Mpanda_Boti

Yote sawa, lakini bila mawakala hampati mtu. Chuo cha Mwanza hakijulikani Bujumbura. Wakala anajulikana, ana ofisi, anaongea Kirundi na Kifaransa. Anapeleka wanafunzi 20 kwa mkupuo. Mnaogopa nini?

---

#8 Msajili_Kanda

Hatumwogopi, Mkuu, tunaogopa mkataba mbovu. Uingereza na Australia wametumia mawakala kwa miongo. Mwaka 2012 nchi hizo mbili pamoja na Ireland na New Zealand zilikubaliana kanuni za maadili ya mawakala, zinazojulikana kama London Statement. Australia ikaenda mbali zaidi: chuo kinatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi na kila wakala na kuweka orodha ya mawakala wake hadharani. Walifika huko baada ya kuona mtu anaahidiwa kitu ambacho chuo hakina.

Mkataba wa wakala kwa chuo chetu, mambo ninayoyashikilia ni haya. Wakala asipokee ada, hata senti. Ada inaingia chuoni moja kwa moja. Malipo yake yahesabiwe kwa mwanafunzi aliyesajiliwa, amelipa na yuko darasani wiki ya sita. Ukimlipa kwa barua ya udahili atakuletea barua nyingi na viti vitupu. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 na mmekubaliana asilimia 10: ni 150,000 kwa kila aliyebaki, ankara moja mwishoni mwa wiki ya sita, imeambatanishwa na majina. Asichapishe tangazo lolote ambalo chuo hakijalisaini. Asiahidi kazi wala kibali cha kazi. Mkataba uwe wa mwaka mmoja, usijirudie wenyewe.

Kisha taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inagusa kutuma taarifa za watu nje ya nchi. Pasipoti na vyeti vya waombaji kuzunguka kwenye makundi ya wasapu ya mawakala ni hatari kwa chuo. Kuwe na anwani moja ya barua pepe ya udahili wa nje na mtu mmoja au wawili wenye ufunguo wake.

Ila tusisahau kwamba yupo wakala wa bure: mwanafunzi aliyehitimu akarudi kwao. Mhitimu mmoja wa maabara anayefanya kazi hospitali ya mji wa Ngozi huko Burundi anawaambia watu kumi. Lakini atasema tu kama cheti chake kilitambulika kwao. Kwa afya, muulizeni mwombaji aandike kwa baraza la taaluma la nchi yake KABLA hajaanza: je, mnasajili mhitimu wa diploma hii kutoka Tanzania, na kwa masharti gani? Jibu liingie kwenye faili. Chuo kisichotaka swali hilo liulizwe hakipaswi kupokea wageni.

---

#9 Mratibu_Ushirikiano

Nije kwenye MoU, yaani hati za makubaliano kati ya vyuo. Zinakufa kwa sababu zinazojulikana. Inasainiwa na wakuu wawili wa vyuo, ndani imeandikwa "kubadilishana walimu na wanafunzi, utafiti wa pamoja", basi. Hakuna idadi, hakuna mwezi, hakuna mtu wa kupigiwa simu. Mkuu mmoja akihamishwa, imezikwa.

MoU yenyewe iwe fupi, kurasa tatu zinatosha, miaka mitatu. Nguvu iwekwe kwenye kiambatisho cha mwaka: walimu wangapi, wiki ngapi, nani analipa nauli, nani analaza, bima ya nani, afisa wa dawati kila upande kwa cheo chake. Kwa mfano: walimu wawili wa Nyegezi kwenda chuo cha uvuvi cha Entebbe wiki mbili mwezi Juni, wawili wa Entebbe kuja Agosti. Mwenyeji analaza na kulisha, anayesafiri analipa basi. Hiyo haihitaji mfadhili kabisa. Njia ya Mutukula, Bukoba, Geita imekuwa nyepesi zaidi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko haipo tena kwenye hesabu ya safari.

Kuhamisha krediti ndiyo sehemu watu wanadanganyana bila kukusudia. Mfumo wetu wa NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi: krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na kila ngazi ina krediti 120, yaani saa 1,200. Uingereza nao krediti 1 ni saa 10, mwaka wa chuo ni 120, kwa hiyo hesabu inaoana. Ulaya bara wanatumia ECTS, mfumo wao wa krediti: krediti 1 ni saa 25 hadi 30, mwaka ni 60. Watu wanaona 120 na 60 wanagawa kwa mbili. Pigeni kwa saa: 1,200 gawanya kwa 25 ni 48, kwa 30 ni 40. Mwanafunzi aliyeahidiwa mwaka mzima wa ECTS 60 atafika akute anadaiwa 12 hadi 20. Andikeni jedwali la moduli kwa moduli, saa za nadharia, saa za karakana, umahiri uliopimwa. Bila jedwali hilo msisaini kipengele cha mwendelezo wa masomo.

Washirika wa Ulaya mnaanzia wapi? Anzieni kwenye undugu wa miji. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji dada tangu 1966, vilevile Mwanza na Tampere ya Finland tangu 1988. Tampere ina chuo kikubwa cha ufundi kinachoitwa Tredu. Barua inayopitia halmashauri ya jiji, ikitaja undugu huo, husomwa kwa jicho tofauti na barua pepe iliyotumwa vyuo 200 kwa mara moja.

Fedha: Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, ina mkondo wa kujenga uwezo wa vyuo vya ufundi, ruzuku ya Euro 100,000 hadi 400,000 kwa mradi wa mwaka 1 hadi 3, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimo. Chuo kinahitaji namba ya usajili ya washiriki, PIC, tarakimu tisa. Ichukueni leo. Ni bure, na mshirika akikutafuta wiki mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha, jambo la kwanza ataomba ni hiyo namba.

Halafu kuna mgongano wa kalenda ambao umeua miradi mizuri. Mwaka wa fedha wa serikali ni Julai hadi Juni. Mradi wa Ulaya unaweza kuanza Januari. Pesa inaingia Februari, haikuwemo kwenye bajeti, MUSE (mfumo wa ulipaji serikalini) haina kifungu chake, ununuzi lazima upite NeST (mfumo wa ununuzi wa umma), na mshirika anauliza kwa nini mashine haijanunuliwa Aprili. Dawa: mkiwasilisha andiko tu, wekeni makadirio kwenye bajeti ya mwaka unaofuata hata kama hamjajibiwa, na kwenye ratiba ya mradi ununuzi usianze kabla ya mwezi wa saba.

---

#10 Mpanda_Boti

Nimeelewa hoja ya wiki ya sita. Na hao wa Uingereza, mbona wanapenda MoU lakini wanafunzi wetu wanaowapokea ni wachache mno?

---

#11 Mratibu_Ushirikiano

Kwa sababu kila mwanafunzi anayekataliwa viza anaiweka leseni yao hatarini. Chuo cha Uingereza kinachopokea wageni kina leseni ya udhamini ya serikali yao. Kila mwanafunzi hupewa namba inayoitwa CAS, msiichanganye na CAS ya NACTVET, mfumo wetu wa udahili wa pamoja. Serikali hupima chuo kila mwaka: hadi 2025 waliokataliwa viza walitakiwa wawe chini ya asilimia 10, walioripoti wasipungue 90, waliomaliza kozi wasipungue 85. Hata kwa vipimo hivyo, chuo kilichotoa namba 60, viza 6 zikikataliwa kimegonga mwamba. Mei 2025 serikali yao ilitangaza mpango wa kukaza kila kipimo kwa pointi tano. Vyuo vyao vya ngazi hii ni vidogo kwa wageni, hawana pa kuficha makosa sita.

Mwanafunzi naye ana masharti: Kiingereza ngazi ya B1 (ya kati), pesa ya kujikimu iliyokaa akaunti siku 28 mfululizo, na kwenye kozi iliyo chini ya shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 10 kwa wiki wakati wa muhula. Anayedhani atajilipia ada kwa kibarua apigiwe hesabu hiyo mbele ya mzazi wake.

Kwa hiyo ukizungumza na chuo cha kule, usianze na "pokeeni wanafunzi wetu". Anza na mwalimu wao aje wiki tatu Mwanza kufundisha walimu wetu uchomeleaji au majokofu, au moduli moja ifundishwe hapa kwa mtaala wao. Hakuna viza ya mwanafunzi, hakuna hatari kwa leseni yao, na vijana 40 wananufaika badala ya wawili.

---

#12 Msaidizi_Udahili

Asanteni sana kaka na dada zangu. Swali la mwisho: chuo kidogo chenye karani mmoja kianze na nini mwaka huu?

---

#13 Dawati_la_Vyeti

Anzeni na nchi moja tu, na programu mbili zenye ithibati. Kama ni Uganda, chukueni eneo la Masaka na Rakai, lipo karibu na Mutukula. Februari karatasi ya alama iwe ukutani. Machi barua za masharti zitoke, na orodha ya nyaraka iandikwe kwa Kiingereza chepesi. Mei ulinganifu uwe umeombwa. Julai namba za malipo. Agosti pasipoti na chanjo vikaguliwe kwa picha kabla mtu hajakata tiketi. Kila mwombaji awe na mstari wake kwenye jedwali moja lenye tarehe, na kila Ijumaa karani aandike kila mmoja amekwama wapi.

Wakiingia sita na wakabaki sita hadi mtihani wa kwanza, ongezeni Kagera ya ng'ambo, yaani Rwanda na Burundi. Msianze na nchi tatu kwa pamoja.